Istilahi za Jiometri: Jina, Picha na Sharti

Chora mraba ubaoni, upande mmoja ukiwa umelala sambamba na ukingo wa ubao, na kila mtoto wa darasa la tano atakutajia jina lake. Uchore tena kwa ukubwa uleule, ila sasa usimame kwa kona yake moja. Wengi watasita, na baadhi watasema kwa uhakika kwamba huo si mraba tena. Pande nne bado ni sawa, pembe nne bado ni za nyuzi 90. Kilichobadilika ni mkao, na mkao haumo kabisa katika maana ya mraba. Mtoto aliyekosea hapo hajasahau somo. Ameshika kile hasa alichofundishwa, yaani picha na jina lililobandikwa juu yake.

Kati ya darasa la tano na kidato cha pili mwanafunzi hukutana na makumi ya istilahi za jiometri: nukta, mstari, mwale, pembe, pembetatu, mstatili, msambamba, kipenyo, mzingo, kimo. Vitabu vingi huzipanga kama orodha, kila moja na mchoro wake pembeni, na mtihani huja kuuliza jina la mchoro. Njia hiyo inamfaa mwanafunzi hadi siku mchoro unapogeuzwa, unaporefushwa au unapoondolewa kabisa. Hoja yangu ni kwamba istilahi ya jiometri ni sharti kabla ya kuwa jina. Anayeijua ni yule anayeweza kusema kitu gani kinaingia ndani ya neno hilo, kipi kinabaki nje, na kwa sababu gani.

Jambo hili lilichunguzwa kwa makini na walimu wawili wa Uholanzi, mke na mume, Dina van Hiele-Geldof na Pierre van Hiele, waliokamilisha tasnifu zao Utrecht mwaka 1957. Waliona kwamba fikra za jiometri hukua kwa ngazi. Kwanza mtoto hulitambua umbo kwa sura yake nzima, kama anavyomtambua jirani. Baadaye huanza kuona sifa: pande hizi ni sawa, pembe ile ni ya mraba. Kisha huona jinsi sifa moja inavyoizaa nyingine, na hapo ndipo fasili zinapoanza kuwa na maana kwake. Uwezo wa kuthibitisha hufuata. Zaidi ya yote walionya kwamba mwalimu aliye ngazi ya juu na mwanafunzi aliye ngazi ya chini wanaweza kutumia neno lilelile wasielewane, kila mmoja akidhani ameeleweka. Mwalimu anaposema mstatili, anamaanisha pembenne yenye pembe mraba nne. Mtoto anasikia umbo refu lililolala.

Ugumu huanza palepale mlangoni, kwenye nukta na mstari. Euclid, aliyefanya kazi Alexandria nchini Misri yapata mwaka 300 KK, aliandika vitabu 13 vinavyojulikana kwa pamoja kama Elements, na cha kwanza hufunguliwa kwa fasili 23. Alijaribu kufasili hata nukta, kwa kuikatalia ukubwa wa aina yoyote. Zaidi ya miaka 2,000 baadaye, mwaka 1899, Mjerumani David Hilbert aliamua njia nyingine: nukta, mstari na bapa aliviacha bila fasili, akaeleza tu jinsi vinavyohusiana, kwa mfano kwamba nukta mbili tofauti hupitiwa na mstari mnyoofu mmoja tu. Uamuzi huo una faida hata kwa mtoto wa miaka 12. Kila neno hufasiliwa kwa maneno mengine, na mahali fulani lazima mlolongo uanze. Mwalimu anayesema wazi kwamba maneno haya matatu hatuyafasili, tunakubaliana tu namna yanavyotenda, anamwambia mwanafunzi ukweli. Anayemlazimisha akariri kwamba nukta ni kidoti kidogo anampa kitu atakachopaswa kukisahau baadaye, kwa kuwa kidoti cha chaki kina upana na nukta haina.

Baada ya hapo masharti huanza kutenda kazi. Mstari mnyoofu hauna mwisho upande wowote. Kipande cha mstari kina ncha mbili. Mwale una ncha moja na huendelea upande wa pili bila kikomo. Tofauti hii inaonekana ya kinadharia hadi tufike kwenye mistari sambamba. Wanafunzi wengi huamini kwamba vipande viwili haviwezi kuwa sambamba kama havina urefu sawa, au kama kimoja kimechorwa mbali na kingine. Sharti halisemi lolote kuhusu urefu. Linasema mistari iwe kwenye bapa moja na isikutane hata ikirefushwa bila kikomo. Maneno “kwenye bapa moja” mara nyingi huachwa, na yakiachwa fasili huharibika. Tazama darasa lolote lenye dari: ukingo wa dari ulio juu ya ubao, na kona iliyosimama wima nyuma ya chumba, havikutani hata virefushwe vipi, na bado si sambamba.

Pembe ndiyo istilahi inayowatesa wengi zaidi. Katika mazungumzo ya kawaida pembe ni kona, mahali ambapo vitu viwili vinakutana, na mtoto anaingia darasani na maana hiyo. Hisabati inataka kitu kingine: kiasi cha kugeuka kutoka mkono mmoja hadi mwingine. Ndiyo maana pembe ya nyuzi 30 iliyochorwa kwa mikono mirefu huonekana kwa mwanafunzi kuwa kubwa kuliko ya nyuzi 40 yenye mikono mifupi. Analinganisha urefu wa mikono, au nafasi iliyo kati ya ncha zake, kwa sababu hivyo ndivyo macho yanavyoviona. Saa ya ukutani inasaidia hapa kuliko mchoro. Saa tatu kamili mishale hutengeneza pembe mraba, saa tisa kamili vilevile, na saa kumi na mbili kamili hutengeneza pembe nyoofu, yaani nyuzi 180. Saa ndogo ya mkononi hutoa pembe zilezile, ingawa mishale yake ni mifupi mara nyingi zaidi.

Kosa la kipimapembe hutoka hapohapo. Kifaa hicho kina safu mbili za namba, moja ikianzia kulia na nyingine kushoto, na mwanafunzi husoma 130 palipo na 50. Mwenye maana ya pembe kali na pembe butu kichwani hugundua kosa kabla ya kuandika, kwa kuwa pembe iliyo mbele yake ni wazi kwamba haijafika pembe mraba. Mwenye majina tu huandika alichokiona kwenye plastiki.

Na pembe mraba yenyewe je? Darasani tunasema ni pembe ya nyuzi 90, na tunasonga mbele. Euclid hakutaja nyuzi hata mara moja. Kwake, mstari ukisimama juu ya mstari mwingine na kufanya pembe mbili zilizo jirani kuwa sawa, kila moja kati ya hizo ni pembe mraba. Fasili hiyo ni bora kwa mtoto kuliko ya nyuzi, kwa sababu anaweza kuitengeneza kwa mikono yake. Kunja karatasi ya aina yoyote, hata iliyochanika ovyo, na mkunjo utakuwa mstari mnyoofu. Ikunje tena ili mkunjo wa kwanza ujilalie wenyewe, na kona uliyoipata ni pembe mraba kamili. Namba 90 ni makubaliano ya baadaye, yaliyotokana na desturi ya Wababeli ya kuhesabu kwa sitini na kuugawa mzunguko mzima katika sehemu 360. Kama tungeugawa katika sehemu 400, pembe mraba ingekuwa na sehemu 100 na isingebadilika kwa lolote.

Sasa tufike kwenye pembenne, ambako hoja ya sharti hudhihirika kuliko mahali pengine popote. Je, mraba ni mstatili? Wanafunzi wengi hukataa, na hata watu wazima hugombana juu yake. Kwa fasili zinazotumika leo jibu ni ndiyo: mstatili ni pembenne yenye pembe mraba nne, na mraba unatimiza sharti hilo, kisha unaongeza la pili la pande sawa. Vivyo hivyo kila mstatili ni msambamba, kwa kuwa pande zake zinazoelekeana ni sambamba. Pembetatu yenye pande tatu sawa nayo ni pembetatu yenye pande mbili sawa, maana mwenye tatu hakosi mbili.

Mtoto anayekataa, hata hivyo, ana mtetezi mkubwa. Euclid mwenyewe aliutenga mraba na mstatili: katika fasili zake umbo refu la pembe mraba ni lile lisilo na pande sawa. Pembetatu yenye pande mbili sawa aliitaka iwe na mbili tu. Wanahisabati walikuja kuiacha njia hiyo kwa sababu ya kazi inayookolewa. Ukithibitisha kwamba mistari miwili inayounganisha kona zinazoelekeana za mstatili ina urefu sawa, umekwisha kuthibitisha kwa mraba pia, bila kuanza upya. Ukithibitisha kwamba mistari hiyo katika msambamba hukatana katikati, umewahudumia mstatili na mraba kwa mpigo mmoja. Sababu hii ndiyo inayopaswa kufika darasani. Tukimwambia mtoto tu kwamba mraba ni mstatili, tunampa amri nyingine ya kukariri. Tukimwonyesha kwamba fasili huchaguliwa, na kwamba hii ilichaguliwa kwa faida inayoonekana, anaingia katika hisabati yenyewe.

Uchaguzi huo haujamalizika kila mahali. Trapeza ni pembenne yenye pande mbili zilizo sambamba. Lakini je, ziwe jozi moja tu, au angalau jozi moja? Vitabu vinatofautiana, na kwa jibu la pili msambamba huwa trapeza. Waingereza na Wamarekani, kwa upande wao, wana majina mawili ya pembenne za aina hii na wanayatumia kinyume: jina ambalo Uingereza hulipa umbo lenye jozi moja ya pande sambamba, Marekani hulipa umbo lisilo na jozi hata moja. Mwanafunzi anayejifunza kwa video za intaneti kutoka nchi zote mbili atachanganyikiwa, na kosa si lake.

Mafundi wa ujenzi wanaelewa habari ya masharti kuliko wanavyopewa sifa. Fundi anayepanga msingi wa nyumba hupima mita 3 upande mmoja wa kona, mita 4 upande wa pili, kisha huvuta futi kati ya alama hizo mbili. Ikisoma mita 5, kona iko skwea. Kwa msingi mkubwa hutumia 6, 8 na 10. Shuleni tunafundisha kanuni ya Pythagoras kwa mwelekeo mmoja: kama pembe ni mraba, basi jumla ya miraba ya pande mbili fupi ni sawa na mraba wa upande mrefu. Fundi anatumia mwelekeo wa kurudi: kama miraba inajumlika hivyo, basi pembe ni mraba. Hizo ni kauli mbili tofauti, na Euclid alizithibitisha mbalimbali mwishoni mwa kitabu chake cha kwanza, ya 47 na ya 48. Wanafunzi hukariri ile ya 47 kwa miaka, na nyumba zinajengwa kwa ile ya 48.

Fundi huyohuyo hukagua kazi yake kwa kupima kona kwa kona: kama vipimo viwili vinavyokatana ni sawa, msingi uko sawa. Ukaguzi huo ni sahihi, ila una sharti lililojificha. Trapeza ambayo pande zake mbili za mshazari zina urefu sawa nayo hutoa vipimo sawa vya kona kwa kona. Kwa hiyo fundi makini huhakikisha kwanza kwamba kuta zinazoelekeana zina urefu sawa, ndipo avute futi ya kona. Ningependa kuona swali la namna hii katika kitabu cha darasa la saba, maana linamwonyesha mtoto kwamba kuacha sharti moja kunaweza kuleta chumba kilichopinda.

Kimo na kitako ni jozi nyingine iliyoharibiwa na picha. Kwa kuwa vitabu huchora pembetatu ikiwa imekaa chini, mwanafunzi huamini kwamba kitako ni upande ulio chini ya ukurasa na kimo ni mstari unaopanda juu. Kwa kweli upande wowote unaweza kuwa kitako, na kimo ni umbali wa kona iliyobaki kutoka kwenye upande huo, ukipimwa kwa pembe mraba. Pembetatu moja ina vimo vitatu. Ikiwa na pembe butu, viwili kati ya hivyo huangukia nje ya pembetatu, na hapo ndipo wengi hukwama, kwa kuwa picha waliyoibeba haina nafasi ya mstari ulio nje. Kanuni ya eneo, nusu ya kitako mara kimo, hutoa jibu lilelile kwa jozi zote tatu. Mwanafunzi apewe nafasi ya kulihakiki hilo kwa rula yake mwenyewe.

Mzingo na eneo huchanganywa kila siku, na hasara yake hufika hadi mashambani. Shamba la mita 100 kwa 100 lina eneo la mita za mraba 10,000, yaani hekta moja, na mzingo wa mita 400. Shamba la mita 400 kwa 25 lina eneo hilohilo, lakini mzingo wake ni mita 850, hivyo gharama ya waya wa uzio inapita maradufu. Tanzania watu wengi hupima ekari kwa hatua 70 kwa 70. Hatua ya mtu mzima hukaribia yadi moja, na yadi 70 kwa 70 ni yadi za mraba 4,900, karibu sana na 4,840 za ekari halisi. Ukiziita mita 70 kwa 70, unapata mita za mraba 4,900 wakati ekari ni kama 4,047. Tofauti ndogo katika kila upande hukua ikifika kwenye eneo, na hapo anayeuza na anayenunua hawazungumzii tena ardhi ileile.

Duara linahitaji uangalifu wa aina yake. Tunaposema duara, je, tunamaanisha mstari uliopinda peke yake, au pamoja na kilichomo ndani? Fasili ya kawaida ni nukta zote zilizo umbali mmoja kutoka kwenye kitovu, yaani ule mstari tu. Lakini papo hapo tunamwuliza mtoto eneo la duara, kana kwamba tunasema habari za sahani nzima. Mwalimu ataje wazi anamaanisha lipi. Kuhusu uwiano wa mzingo na kipenyo, maswali ya shule hutumia 22/7, na wanafunzi wengi humaliza masomo wakiamini kwamba hiyo ndiyo thamani yenyewe. Archimedes alionyesha katika karne ya 3 KK kwamba thamani hiyo iko kati ya 3 10/71 na 3 1/7, kwa hiyo 22/7 ni mpaka wa juu. Mwaka 1761 Johann Heinrich Lambert alithibitisha kwamba haiwezi kuandikwa kama sehemu yoyote ya namba mbili kamili.

Kwa maumbo ya ujazo nitasema machache. Tatizo kubwa ni neno upande, ambalo hutumika ovyo kwa mstari na kwa uso, hata mtoto asijue anahesabu nini. Mchemraba una nyuso 6, kingo 12 na kona 8. Maneno haya matatu yakishatenganishwa, sehemu kubwa ya mkanganyiko huisha.

Kuna sharti moja linalobeba yote niliyoyaeleza na halitajwi karibu kamwe: tuko kwenye bapa. Jumla ya pembe za pembetatu ni nyuzi 180 kwenye karatasi. Juu ya uso wa dunia mambo ni mengine. Anza Nanyuki, mji wa Kenya unaopitiwa na ikweta, uende moja kwa moja hadi Ncha ya Kaskazini. Geuka huko kwa pembe mraba, ushuke moja kwa moja hadi ikweta, kisha urudi Nanyuki ukiifuata ikweta. Kila mara ulipokata kona ulikata kwa nyuzi 90, na jumla ni 270. Kila upande wa pembetatu hiyo una urefu wa kilomita 10,000 hivi, na si kwa bahati: Wafaransa walipobuni mita katika miaka ya 1790 waliitaka iwe sehemu moja ya milioni kumi ya umbali kutoka ncha ya dunia hadi ikweta. Mwanafunzi wa kidato cha pili anaweza kuuelewa mfano huu kwa chungwa na kalamu, na akiuelewa ataheshimu maneno “kwenye bapa” maisha yake yote.

Linabaki suala la lugha. Tanzania shule za msingi za umma zimefundisha kwa Kiswahili tangu 1967, na sekondari hufundisha kwa Kiingereza, kwa hiyo mtoto hupoteza istilahi zake zote kwa mkupuo anapoingia kidato cha kwanza. Nakubali kwamba mpito huo ni mzigo, na kwamba mzigo huo si wa haki. Hata hivyo haulemei wote kwa usawa. Aliyejifunza sharti anachukua jina jipya na kuliweka mahali pa lile la zamani. Aliyejifunza picha na jina hana cha kuvuka nacho, kwa kuwa jina ndilo lililokuwa limebeba kila kitu. Vitabu vyetu vya Kiswahili navyo vingesaidia kwa kukubaliana. Mwandishi mmoja husema kitovu cha duara na mwingine senta, na mtoto anayehama shule hudhani ni vitu viwili.

Ninachoomba si mtaala mpya. Waandishi wa vitabu wachore kila umbo kwa mikao mitatu au minne, na kando yake waweke umbo linalofanana nalo ambalo halitimizi sharti. Walimu wadai sababu kila jina linapotajwa. Na watunga mitihani, ambao ndio hasa huamua kinachofundishwa, waweke katika kila karatasi walau swali moja lisilo na mchoro: je, kila msambamba wenye pembe mraba moja ni mstatili? Toa sababu.